Mbambu Ndani ya Hori

Kitenge kipya ambacho hakijaguswa na maji kina harufu yake, na mtu aliyelelewa Bwera, mji wetu wa mpakani, hawezi kuikosea hata ukimfunga macho. Ni harufu ya wanga na nta na safari ndefu ndani ya magunia, tena ina samaki wa chumvi kwa mbali, kwa kuwa upande ule wa mpaka vitu vyote hupakiwa pamoja. Juzi nilipita kwenye duka moja hapa ninapoishi sasa, muuzaji akakunjua kitenge mbele yangu, na mimi badala ya kuuliza bei nikaanza kucheka peke yangu. Mama wa watu akanitazama kama anayetaka kujua nimekula au sijala. Ningemweleza nini? Kwamba kitenge chake kimenirudisha kanisani, nikiwa na mabawa ya chandarua mgongoni, siku nilipoulizwa jina la mtoto Yesu mbele ya watu wote nikataja jina lisilo lake?

Basi nitawaeleza ninyi, kwa kuwa mmeketi.

Mimi naitwa Masika. Kwetu Wakonzo jina la mtoto halitafutwi, huhesabiwa. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho, wa nne ni Mbambu. Wavulana nao wana mstari wao, Baluku mbele, Bwambale nyuma yake, na kuendelea. Jina la ubatizo huja baadaye, nalo huishi zaidi kwenye cheti na midomoni mwa walimu. Kwa hiyo ukikutana na mama amebeba kichanga njiani huna haja ya kuuliza anaitwa nani. Unauliza ni wa ngapi. Ukijibiwa, umepata jina lake, umejua ni wa kike au wa kiume, na umejua mama huyo amepitia mangapi. Wageni wanatushangaa. Na sisi tunawashangaa wanaompa mtoto jina lisilosema kitu.

Mwaka ninaousema nilikuwa kama na miaka minane, nimeng'oka meno ya mbele na sauti yangu ilisikika ng'ambo ya bonde. Nyumbani tulikuwa wasichana watatu, mimi, Biira na Kabugho, na Mama alikuwa mjamzito. Alikuwa akiuza vitenge katika soko la Bwera. Baba alikuwa na shamba la kahawa kule juu Kyarumba, ambako njia ni nyembamba na mzigo hupanda kwa kichwa tu. Alikwenda Jumatatu akirudi Jumamosi, na akirudi alikuwa hana maneno, kana kwamba yote aliyaacha kwenye mibuni. Alikuwa mpole, msinielewe vibaya. Lakini kanisani hata Amina alikuwa akiisemea tumboni.

Maneno ya ukoo wao yote alipewa dada yake mkubwa, Shangazi wa Kasese. Shangazi alikuwa na duka mjini, alikuwa na mwili wa kujaza mlango, na alikuwa akitupenda kwa namna ya kutupangia maisha. Kwetu mvulana anayezaliwa baada ya wasichana tupu huitwa Muhindo, maana yake amegeuza mambo. Shangazi alianza kuliita tumbo la Mama Muhindo tangu halijaonekana vizuri. Akafuma na sweta la buluu. Akalileta mwenyewe kutoka Kasese, akalitandika juu ya kitanda, na Mama akasema wasingya, yaani asante, kwa sauti ndogo sana.

Siku chache kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio Mama alirudi kutoka hospitali juu ya bodaboda, ameketi upande, ameshika furushi. Tulikimbia barabarani sote watatu. Ndani ya furushi kulikuwa na uso mdogo uliokunjamana kama wa mtu aliyeonja ndimu, na sweta la buluu. Ndani ya sweta alikuwa Mbambu.

Nawaambia jambo ambalo lilinitatiza siku zile. Alipozaliwa Kabugho nakumbuka wanawake walijaa nyumbani, na kuni, na unga wa muhogo, na kuku waliofungwa miguu, na kelele nyingi. Alipozaliwa Mbambu, watu walipita njiani, wakasimama kwenye ua, wakasema, “Pole, Mama Masika,” wakaendelea na safari. Pole ninayoijua mimi huambiwa mtu aliyejikwaa. Nilikagua vidole vya miguu vya Mama kimoja kimoja nisione jeraha. Mama aliniuliza ninatafuta nini, nikamwambia, akanivuta kichwa changu akakiweka mapajani mwake na kunisuka nywele ambazo zilikuwa zimesukwa jana yake.

Shangazi naye alikuja kusaidia kazi, na kusaidia kwake kulikuwa hivi: alikaa barazani na Baba kila Jumamosi na Jumapili, akaongea. “Baba Masika, ile kahawa utaachia nani? Hawa batoto beko wageni kwako, kesho bataolewa,” alisema. “Mi nasema mulete mwingine. Nimeshaona mahali, kule Kasese. Batu bazuri.” Baba alitazama mlima. Mimi nilikuwa nikichambua maharage karibu nao, nikasikia mulete mwingine, na moyo ukaruka kwa furaha. Baba alikuwa ameshanunua mbuzi wa Krismasi, beberu mweupe aliyefungwa nyuma ya jiko. Nikamkimbilia Biira nikamwambia mwaka huu tutachinja wawili.

Leo ninajua aliyekuwa akisemwa si mbuzi. Shangazi alitaka Baba aoe mke mwingine mwezi wa kwanza ukiingia, wa kumzalia mvulana, na alikuwa ameshakaa na wazazi wa binti. Mama alijua. Na Mama, ambaye kwao ni Bugoye, alikuwa amemwambia Baba mara moja tu, bila kupandisha sauti, kwamba siku mwanamke huyo atakapoingia mlangoni yeye atatoka na watoto wake wanne warudi kwa baba yake. Tangu hapo hakulizungumza tena. Baba hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kwa hiyo Majilio yale nyumba yetu ilikuwa inangoja mambo mawili, na sisi watoto tulijua moja tu.

Kungoja kwenyewe Mama alikujua vizuri. Alisema Majilio ni mgeni aliyetuma habari kwamba yuko njiani, na mgeni haji kukuta majivu ya juzi. Mgeni njoo mwenyeji apone. Alijaza mchanga kwenye kopo la maziwa, akasimamisha mishumaa minne, na kila Jumapili jioni tuliwasha mmoja zaidi. Kila mshumaa ulikuwa na kazi yake. Wiki ya kwanza tulifua hata vitambaa ambavyo havikuwa na uchafu. Wiki ya pili tulipaka jiko udongo mweupe, na Kabugho akajipaka zaidi ya jiko. Wiki nyingine tulipeleka maziwa kwa bibi mmoja mgonjwa aliyetuita kwa majina ya watoto wake waliokufa, na Mama akatuambia tumwitikie tu. Mwaka ule aliyafanya yote hayo na mtoto mgongoni, na midomo imefungwa, na sisi tukaona ni uchovu.

Sasa niwaambie habari za mchezo. Kanisa letu la mlimani, juu kidogo ya Bwera, kila Krismasi lilionyesha kuzaliwa kwa Bwana, na wakuu wa shughuli hiyo walikuwa watu watatu. Wa kwanza alikuwa Titcha Yunia, mwalimu wetu wa Jumapili, mwembamba, mwenye haraka. Wa pili alikuwa Mwinjilisti Mzee Erisa, mwenye fimbo na sheria. Wa tatu alikuwa Hajji Zubairi. Hajji alikuwa Mwislamu safi, mwenye malori yanayokwenda Kasese na kurudi, lakini hakuna mtu mwingine mlimani kwetu aliyekuwa na kanzu za kuwatosha Mamajusi. Aliziazimisha kila mwaka, tatu, zimepigwa pasi, kisha siku yenyewe alikuja akasimama nje dirishani kuhakikisha hazichafuliwi.

Mtoto Yesu alikuwa mvulana mchanga kuliko wote kanisani. Hiyo ilikuwa sheria ya Mzee Erisa. Mwaka uliotangulia walimweka mtoto mkubwa mkubwa, akaketi mwenyewe ndani ya hori, akala majani, akamkatia Mariamu ushanga. Tangu hapo Mzee alisema lazima awe kichanga, tena wa kiume, maana habari ya Bwana haibadilishwi kwa ajili ya kuchekesha watu. Mwaka ule alichaguliwa Baluku, mtoto wa fundi baiskeli. Thembo, kijana wa jirani aliyekuwa darasa moja nami, alikuwa mkuu wa Mamajusi. Biira alikuwa kondoo. Na mimi, kwa sababu ya sauti, nilikuwa malaika Gabrieli.

Mabawa yangu yalitengenezwa kwa chandarua kuukuu na waya, na ile dawa ya mbu iliwasha. “Malaika haina kujikuna,” alisema Titcha Yunia kila mazoezi. Kazi yangu kubwa ilikuwa mwishoni. Thembo angeuliza, kwa Kiswahili cha kitabuni, “Je, mtoto huyu anaitwa nani?” na mimi ningenyoosha mikono na kulitangaza jina la Yesu mpaka mabati yatetemeke. Nilifanya mazoezi kisimani, nilifanya sokoni, nilimfanyia yule beberu mweupe akaacha kula.

Asubuhi ya Krismasi tulikuwa tunakunywa chai ya maziwa, tumevaa nguo mpya zinazokata makwapa, Titcha Yunia akaingia mbio bila hodi.

“Mama Masika, tumekwisha. Baluku iko na homa, mwili ni moto. Yesu hatuna.”

Mama akamtazama. “Wangu ni musichana, Titcha.”

“Atafungwa nguo. Ni uso tu itaonekana, na uso ya mutoto mudogo, nani anaweza kujua?”

Shangazi akaweka kikombe chini. “Munataka kudanganya mpaka ndani ya nyumba ya Mungu?”

Mama hakumjibu. Mwezi mzima hakuwa akimjibu, kwa adabu, lakini kulikuwa na namna nyingi za kutojibu na hii ilikuwa mpya. Aliinuka, akaenda chumbani kwenye sanduku la bidhaa zake, akarudi na kitenge cha njano chenye maua mekundu, kile ambacho alikuwa amekataa kumkatia mteja yeyote. Akakikunjua. Harufu ikajaa nyumba nzima, ikashinda chai. Akamfunga Mbambu ndani yake, polepole, mpaka likabaki duara la uso. Baba alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba majani ya chai yana habari. Mimi nilikuwa nimenuna, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiyatazama mabawa yangu.

Njiani Titcha Yunia alituapisha. Hakuna kusema ni msichana, hakuna kusema ni wa nani. Kondoo aliapa, malaika aliapa.

Kanisa lilikuwa limejaa hadi milangoni. Migomba ilisimamishwa pembeni, maputo yalining'inia, na karatasi za rangi zilivuka kutoka boriti hadi boriti. Wanaume upande huu, wanawake upande ule. Baba aliketi mwishoni mwa benchi. Mama aliketi kwa wanawake na mikono mitupu, na Shangazi kando yake na kofia yake ya Kasese. Hori lilikuwa kreti la soda lililojazwa majani, na ndani yake Mbambu, amelala kama mwenye nyumba. Mimi nilisimama juu ya meza nyuma yake, mikono imenyooshwa, ninawashwa kila mahali wala sijikuni.

Mambo yalikwenda vizuri. Mariamu hakucheka. Yusufu hakuangusha fimbo. Kondoo walilia kuliko walivyoombwa. Kisha ngoma ikapigwa na Mamajusi wakaingia katika kanzu za Hajji, wakizishika kwa mikono miwili. Thembo alikuwa mbele. Alipofika karibu na hori akatakiwa kuachia kanzu ili ainue mkono, akaachia, akaikanyaga, akapepesuka. Akatazama dirishani akamwona Hajji ameshika kichwa. Pale pale Kiswahili chake cha kitabuni kikamtoka. Nilikiona kikitoka. Alifungua mdomo, akaufunga.

Na Mbambu akapiga chafya.

Thembo akainama, akaona kichanga kipya kabisa mbele yake, na akasema kile ambacho mtu yeyote wa kwetu aliyelelewa vizuri husema mbele ya kichanga.

“Huyu mutoto ni ya ngapi?”

Mwezi mzima nilikuwa nimeulizwa swali hilo sokoni, kisimani, njiani, na watu ninaowajua na nisiowajua. Sikufikiri hata kidogo. Nilinyoosha mikono, nikajaza kifua, nikatangaza mpaka mabati yakatetemeka:

“Ni ya ine! Ni Mbambu!”

Maji yakimwagika hayazoleki. Kanisa lilinyamaza kwanza, kwa sababu watu walikuwa wanahesabu. Kisha kicheko kikaanza nyuma kwa vijana, kikaja mbele, kikawafikia hata wazee. Titcha Yunia alijifunika uso kwa karatasi zake. Kicheko kile kilikuwa kizuri mwanzoni, cha watu walioshiba sikukuu, lakini katikati yake sauti moja ya mwanamke ikasema, “Kwa ile nyumba hata Yesu anatoka musichana,” na wale waliocheka baada ya hapo walicheka vingine. Nilimwona Mama ameinamisha kichwa. Shangazi alikuwa ametazama mbele, amekaza shingo. Nilitaka kushuka mezani, lakini malaika hashuki mpaka aambiwe.

Mzee Erisa akasimama. Akagonga sakafu kwa fimbo, kicheko kikakatika. Akatembea hadi kwenye kreti, akainama akamtazama mtoto kwa muda mrefu, kisha akatugeukia. Nilijua nitachapwa, Krismasi au si Krismasi.

“Mbambu ya nani?” akauliza.

Kwetu swali hilo hujibiwa na baba. Mama anamjua aliyemzaa, lakini mbele ya watu baba ndiye anayesimama akasema. Kila mtu alijua hivyo, na kila mtu mle ndani, sasa ninafahamu, alikuwa na habari za Kasese, maana Bwera ni mji wa mpaka na habari huvuka kabla ya mizigo. Vichwa viligeuka taratibu upande wa wanaume. Baba alikuwa ameketi na mikono juu ya magoti. Kimya kilikuwa kirefu hata Kabugho, aliyekuwa kwenye mapaja ya jirani, akauliza kwa sauti kama ibada imekwisha.

Baba akasimama.

“Ni yangu,” akasema.

Hiyo peke yake ingetosha, na kwa mtu kama yeye ilikuwa hotuba. Lakini hakuketi. Alininyooshea kidole pale juu ya meza.

“Ule malaika, Masika, ni yangu ya kwanza. Biira iko kule na kondoo. Kabugho ile pale, ya tatu. Na huyu Mbambu ni ya ine.” Akatazama upande wa wanawake, moja kwa moja mpaka kwenye kofia ya Kasese. “Nyumba yangu imetosha.”

Akaketi.

Mzee Erisa akawageukia Mamajusi, ambao walikuwa wamesahau kabisa kwamba wametoka mashariki.

“Munangoja nini?” akasema. “Jina mumepewa. Baba yake amesimama. Toeni zawadi.”

Thembo akatoa dhahabu yake, ambayo ilikuwa kopo la majani ya chai limefungwa karatasi ya kung'aa. Wenzake wakatoa zao. Mchezo ulipaswa kuishia hapo kwa wimbo. Lakini bibi mmoja wa benchi la mbele akainuka, akafungua pindo la kanga yake, akatoa yai alilokuwa amelileta kwa ajili ya sadaka. Akaliweka kwenye majani, pembeni ya miguu ya Mbambu. Akasema, “Hongera, Mama Masika.”

Nadhani wengine waliona aibu, na aibu ya watu wengi ikiinuka pamoja huwa na nguvu za ajabu. Wakaja. Wakaja na sabuni, na sukari, na unga kwenye vifuko, na vitambaa walivyofungua viunoni mwao, na aliyekosa kitu aligusa kitenge cha njano akasema hongera. Mtu akaleta kuku mzima, kuku akafunguka miguu, na kondoo wote wakasahau kwamba ni kondoo wakamfukuza mpaka chini ya madhabahu, Biira akamkamata. Hajji Zubairi akapitisha mkono dirishani na paketi ya tende. “Na mimi yangu,” akasema, “na kanzu nimesamehe.” Ngoma ikaanza yenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele, makofi yakalia mpaka nikashindwa kusikia sauti yangu mwenyewe, na hilo kwangu lilikuwa jambo geni. Mbambu alilala usingizi wakati wote huo, na kreti likajaa mpaka ikabidi Mariamu amtoe kabla hajafunikwa na mayai.

Tulirudi nyumbani tumebeba vitu kama watu waliotoka mnadani. Tulikula mbuzi na wali, tukala bundu, ule ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake, tukanywa soda mpaka ikatoka puani. Shangazi alimchukua Mbambu kutoka kwa Mama, akamweka kifuani, na hakumrudisha hadi jioni. Alikula kwa mkono mmoja. Siku ya tatu alipanda gari la kurudi Kasese. Habari ya mwingine haikusikika tena, na mbuzi wa pili hakuja, jambo lililonisikitisha sana. Na kuanzia wiki ile wanawake walikuja nyumbani na kuni zao na kelele zao, wamechelewa mwezi mzima, na Mama aliwapokea kama waliofika mapema.

Mimi nilibaki na utukufu wangu. Makofi yale, kwa hesabu yangu, yalikuwa ya malaika. Nilikuwa nimesema kwa sauti kubwa, kanisa zima likasimama, wakatoa hadi kuku, mlitaka nifikirije? Shule ilipofunguliwa nilimweleza kila aliyekubali kusimama. Kila Majilio yalipokuja nilijitolea kuwa Gabrieli, na kila mwaka Titcha Yunia alinifanya mlima.

Miaka mingi baadaye nilipelekwa Kasese kusoma sekondari, nikakaa kwa Shangazi. Jumapili moja ya Majilio tulikuwa uani tunamenya ndizi, nami kwa mara ya mia nikaanza hadithi ya malaika na makofi. Shangazi alinisikiliza, kisu mkononi. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaweka kisu chini.

“Makofi yako?” akasema. “Wewe uliharibu muchezo, Masika.”

Ndipo aliponieleza yote niliyowaeleza hapo mwanzo: binti wa watu, mwezi wa kwanza, neno la Mama kuhusu Bugoye. Hakujitetea. Alisema alikuwa ameona mama yao mwenyewe, nyanya yangu, akinyang'anywa shamba kwa kukosa mtoto wa kiume mkubwa wa kumsimamia, na hofu hiyo ilikuwa haijamtoka. “Nilimuuliza baba yako mwezi mzima kwa baraza,” akasema, “akakuja kunijibu kwa kanisa.” Kisha akanituma nichote maji, na nilipogeuka nikamwona anapangusa macho, akisingizia utomvu wa ndizi.

Mbambu hakufuatwa na mwingine. Kahawa ya Kyarumba leo inasimamiwa na Biira, ambaye hajawahi kuwa mgeni mahali popote, na wanunuzi wa Kasese wanamwogopa kidogo.

Lakini kilichonichukua muda mrefu zaidi kukielewa ni lile neno la Baba. Imetosha. Nyumbani neno hilo lilikuwa la kutugombeza. Tukipigana kwa ajili ya ukoko, Baba alisema imetosha, nasi tukanyamaza. Kwa hiyo siku ile mezani, nikiwa na mabawa yangu, nilielewa kwamba Baba amekasirika kwa kelele za kanisani na anawaambia watu wanyamaze. Nikashangaa mbona badala ya kunyamaza wamezidisha. Ilibidi nikae Kasese na ndizi mikononi ndipo nisikie vizuri kwamba mtu yule asiye na maneno alikuwa amesimama mbele ya dada yake, wazee wake na Mungu wake, akamwambia mke wake kwamba hakuna kilichopungua.

Mama hakuhitaji miaka hiyo yote. Yeye alilisikia pale pale. Kutoka juu ya meza nilimwona vizuri kuliko mtu yeyote: alikuwa analia, na wakati huo huo anapiga vigelegele, kazi mbili ambazo si rahisi kwa mdomo mmoja, na alizifanya zote mbili vizuri kuliko wanawake wote wa Bwera.